Namna ya kueleza imani uliyojijengea mwenyewe, pamoja na maneno yake

Mtu akikuuliza wewe ni dini gani, anategemea neno moja. Anataka kujua akualike kwenye sherehe zipi, akuombee kwa jina lipi, na ukifa uzikwe vipi. Wewe uliyejijengea imani yako kidogo kidogo huna neno hilo moja, na ukianza kueleza unajikuta umefika kwenye asili ya ulimwengu kabla mwenzako hajakaa vizuri. Mwongozo huu ni wako. Nitatumia imani yangu kama mfano kwa sababu ndiyo pekee ninayoijua kutoka ndani, wala sikuuzii.

Usidhani uko peke yako. Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, aliandika katika barua ya mwaka 1819 kwamba yeye ni wa madhehebu yake peke yake, kwa kadiri ajuavyo. Mwaka 1985 wanasosholojia wa Marekani wakiongozwa na Robert Bellah walichapisha utafiti ambamo muuguzi mmoja, waliyempa jina la kubuni la Sheila Larson, aliiita imani yake kwa jina lake mwenyewe, kama vile angesema dini yake ni Usheila. Alikuwa na mambo ya maana ya kusema: kwamba anamwamini Mungu, kwamba imani yake imemvusha mbali, kwamba watu wanapaswa kutunzana. Lakini wasomi waliokuja baada yake walilishika lile jina, wakaligeuza mfano wa dini ya mtu mmoja iliyojikata na jamii, na yale mengine yakasahauliwa.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni huu: usiipe imani yako jina lako, na kama unaweza usiipe jina kabisa. Jina linamfanya msikilizaji aulize mna wafuasi wangapi. Yangu haina jina. Nikibanwa nasema "njia yangu", kisha naendelea na habari yenyewe.

Anza na unachofanya

Wengi huanzia juu kabisa: chanzo cha vitu vyote, roho ni nini, ulimwengu unaelekea wapi. Huko juu hakuna pa kushika, na msikilizaji hana la kujibu zaidi ya "ahaa". Anzia chini, kwenye jambo unalolifanya na linaloonekana.

Linganisha sentensi zangu mbili. Ya kwanza: "Ninaamini katika Mkondo unaopita ndani ya viumbe vyote." Ya pili: "Kila jioni kabla ya kulala nakaa kimya kidogo, najiuliza leo nimepokea nini, nimempa nani nini, na nimemkosea nani." Ya kwanza inamfanya mtu akukodolee macho. Ya pili anaielewa papo hapo, na swali linamtoka lenyewe: kwa nini unafanya hivyo? Hapo sasa Mkondo unaweza kuingia, kwa kuwa yeye mwenyewe ameuliza.

Ikiwa imani yako haina hata tendo moja, wala katazo moja, bado ni fikra. Fikra ni kitu kizuri, ila zieleze kama fikra: "nimekuwa nikiwaza kwamba..." Watu huzipokea vizuri zaidi hivyo kuliko zikivalishwa joho la dini.

Andaa maelezo ya vipimo vitatu: sentensi moja, mazungumzo ya dakika chache, na ukurasa mmoja ulioandikwa. Sentensi yangu ni hii: "Sina dini yenye jina, naamini uhai wote ni mmoja na kwamba mimi nimeupokea kama deni, kwa hiyo kila jioni najihesabu." Asilimia kubwa ya wanaouliza hawahitaji zaidi ya hapo, na kuwaongezea ni kuwaadhibu. Mazungumzo ya dakika chache ndiyo yatakayotuchukua muda hapa. Ukurasa tutaufikia mwishoni.

Panga mafungu kabla hujafungua mdomo

Chukua karatasi, andika kila unachokiamini, sentensi moja moja, bila kupamba. Kisha mbele ya kila sentensi weka mojawapo ya maneno haya: nimeona, naamini, nakisia, natumaini.

Baadhi ya zangu zinasomeka hivi. Nikijihesabu jioni, hasira ya mchana hupungua: nimeona. Uhai wa viumbe vyote ni mmoja: naamini. Waliokufa wanaendelea kuishi katika tabia walizotuachia: naamini, na nusu yake nimeona, maana nacheka kama babu yangu hata nikijizuia. Wema wa mtu huwafikia watu asiowajua: nakisia. Mimi mwenyewe nitaendelea kujitambua baada ya kifo: natumaini, na zipo siku hata hilo silitumaini.

Kazi hii inachosha kuliko inavyoonekana, kwa sababu sentensi tunazozipenda sana mara nyingi huangukia fungu la "nakisia", na mtu hapendi kuliona hilo kwa mwandiko wake mwenyewe. Fanya hivyo hivyo. Siku utakapobanwa na mtu mwenye akili kali utajua upi ni ukuta na lipi ni pazia, na utaweza kusema bila kutetereka: hilo nakisia tu, ukinishawishi nitaliacha.

Angalia sana vitenzi vya ufunuo. Ukisema "nimefunuliwa" au "nimeoteshwa", unamlazimisha mwenzako achague kati ya kukuamini na kukuona mwongo. Ukisema "nilikuwa nimekaa peke yangu, nikapata hisia kali sana kwamba...", umeeleza kile kile kilichotokea na umemwachia nafasi ya kupumua. Kama kweli unaamini ni ufunuo, sema, lakini ujue umebadilisha mazungumzo: kuanzia hapo yanakuhusu wewe na sifa zako, na imani yako imekaa pembeni.

Maneno yako

Hapa ndipo wengi huharibu, nami nitakaa hapa kidogo.

Ninayo maneno matano: Mkondo, Deni, Hesabu, Ukungu na Rejeo. Kila neno unaloongeza ni mzigo kwa msikilizaji, naye hubeba kidogo kuliko unavyodhani. Mshairi na mchoraji Mwingereza William Blake alijitungia ulimwengu mzima wa nguvu za kiroho zenye majina kama Urizen, Los na Enitharmon. Alikufa mwaka 1827. Mwaka 1965, miaka 138 baadaye, msomi mmoja alitoa kamusi nzima ili watu waweze kumsoma Blake bila kupotea. Blake alikuwa Blake. Mimi na wewe hatutapata mtu wa kutuandikia kamusi.

Kipimo changu cha neno ni kimoja: nikiweza kulisema jambo hilo kwa maneno ya kila siku bila kupoteza kitu, neno la pekee halihitajiki. Ukungu uliponea chupuchupu. Ni jina ninaloziita siku ambazo Hesabu, yaani kule kujihesabu kwa jioni, haiingii akilini, wema unaonekana upuuzi, na yote ninayoyaamini yanasikika kama maneno ya mtu mwingine. Ningeweza kusema "huzuni", lakini naweza kuwa nacheka na Ukungu upo. Ningeweza kusema "kupungukiwa imani", lakini hapo nadokeza kwamba kuna kosa, na katika njia yangu Ukungu hauna kosa wala adhabu. Unakuja, unapita. Neno likabaki.

Sasa swali la kuchukua neno la zamani au kutunga jipya. Neno la zamani linaeleweka haraka, lakini linakuja na wenyewe. Mwanafalsafa Spinoza, ambaye mwaka 1656 alitengwa na jamii ya Wayahudi wa Amsterdam akiwa na miaka 23, aliendelea kutumia neno Mungu katika kazi yake kuu iliyochapishwa mwaka 1677 baada ya kifo chake. Alilifafanua mwanzoni kabisa, sehemu ya kwanza ikifunguliwa kwa fasili 8 kabla ya hoja yoyote. Kwake Mungu na maumbile yote ni kitu kimoja. Pamoja na uangalifu wote huo, kwa karne nyingi wasomaji wake wamegawanyika: hawa wanamwita mkana Mungu, wale wanasema alikuwa amelewa Mungu. Fasili nzuri haishindi mazoea ya msikilizaji. Ukiita kitu chako Mungu, mwenzako atamsikia Mungu wake.

Neno jipya kabisa nalo lina shida ya upande wa pili. Hildegard wa Bingen, mtawa wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1179, aliacha orodha ya maneno yapatayo elfu moja aliyoyabuni mwenyewe, pamoja na alfabeti yake. Mpaka leo wataalamu wanabishana alikuwa anayatumia kwa kazi gani.

Neno jipya hufanikiwa pale ambapo pengo lilikuwa tayari linawasumbua watu. Mwanasayansi Thomas Huxley alibuni jina "agnostiki", yaani mtu asiyedai kujua kama Mungu yupo au hayupo, mwaka 1869, akiwa miongoni mwa wenzake ambao kila mmoja alikuwa na jina la msimamo wake kuhusu Mungu ila yeye. Neno lile likaenea kwa sababu wengi walikuwa wakilihitaji bila kujua. Jiulize kwa ukweli: nani mwingine, zaidi yako, anahitaji neno lako?

Mimi nimechagua maneno ya kawaida na kuyabana maana. Mtu anajua deni ni nini kabla sijamweleza, kwa hiyo ninachofanya ni kumwonyesha mpaka wake. Gharama yake ni kwamba lazima nitahadharishe kila mara: "ninaposema Deni, namaanisha hivi". Wala usichukue maneno ya sayansi. Nishati ina kipimo chake, jouli, na mtetemo una kipimo chake, hezi; ukisema imani yako inahusu nishati, mtu mwerevu atakuuliza ni jouli ngapi na atakuwa na haki. Hata jambo la kweli la sayansi lisikubebe zaidi ya uzito wake. Wanabiolojia wanasema viumbe hai vyote tunavyovijua vina ukoo mmoja. Hilo ni lao na lina ushahidi wao. Ninaposema uhai wote ni mmoja nakwenda mbali kuliko wao, na sehemu hiyo ya ziada nabeba mwenyewe.

Kisha kuna ngeli, na Kiswahili hakikuachi ujifiche. Tuseme kitu chako kikuu unakiita Chanzo. Ukisema "Chanzo kinajua", umekiweka na vitu. Ukisema "Chanzo anajua", umempa nafsi: anaweza kusikia, kuombwa, kukasirika, kusamehe. Kiambishi kimoja tu kimejibu swali ambalo wanateolojia wameliandikia maktaba. Msikilizaji atalishika hilo hata kama hukulikusudia, na ukichanganya, mara anajua mara kinajua, atahitimisha kwamba hujui unachokiamini. Pengine atakuwa sahihi. Kaa chini uamue. Mkondo wangu unapita, unabeba, unatuunganisha. Ni wa ngeli yake na hautoki humo. Vitenzi vilevile vichungwe: kisicho na nafsi hakitaki, hakipendi, hakiamui. Ukijisikia unasema "Chanzo kinataka niende", ama ubadilishe kitenzi, ama ukubali kwamba ndani ya moyo wako ni "anataka".

Fasili yenyewe iwe na mambo manne: neno ni nini kwa lugha nyepesi, si nini, mfano mmoja, na linakufanya utende nini. Hii hapa ya Deni, jinsi ninavyoisema.

Deni ni kila nilichopokea bila kukilipia: uhai, lugha, kubebwa nilipokuwa siwezi kutembea, ujuzi niliofundishwa. Si dhambi, wala sikuzaliwa na hatia. Mfano: aliyenifundisha kusoma hakunidai chochote, na leo nikitaka kumlipa sina namna, amekwisha kufa. Kwa hiyo Deni halirudi kwa aliyekupa, linakwenda kwa anayekuja baada yako. Tendo: mtu akiniomba nimfundishe jambo ninalolijua, siruhusiwi kumnyima kwa uchoyo wa ujuzi. Naweza kumwambia sina nafasi leo. Siwezi kumwambia kajifunze mwenyewe kama nilivyojifunza, maana huo ni uongo.

Sekunde arobaini, pengine hamsini. Ukiona fasili yako inapita hapo, sehemu ya nne haipo, na unazunguka kuitafuta.

Taja ulikokopa

Imani ya kujijengea ina vipande vya watu wengine, na kuvitaja kunakuongezea heshima. Hesabu yangu ya jioni sikuivumbua. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, ameeleza jinsi usiku taa ikishaondolewa na mkewe akinyamaza alivyokuwa akiipitia siku yake yote, bila kujificha lolote. Waislamu wanayo muhasaba, kujihesabu nafsi, na mwanazuoni wa Baghdad aliyefariki mwaka 857 alijulikana kwa jina la al-Muhasibi kwa sababu hiyo. Wajesuiti, watawa wa Kanisa Katoliki, wanajichunguza dhamiri kila siku kwa utaratibu walioachiwa na mwanzilishi wao, Inyasi wa Loyola, katika karne ya 16. Tofauti ni kwamba Mwislamu na Mjesuiti wanafanya hivyo mbele ya Mungu anayewaona, na mimi nafanya bila shahidi. Hiyo ni tofauti kubwa, na ninaisema.

Usiseme "dini zote ni kitu kimoja". Unadhani unasuluhisha, kumbe unawaambia watu wawili kwa mpigo kwamba hawaijui dini yao. Wala usiseme umevuka dini. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, lakini walau tusiuite uvutaji wetu mwanga.

Unaongea na nani

Kwa mcha Mungu, anza na mnachokubaliana kisha onyesha wazi mnapoachana. Watu wa imani hawakasirishwi na tofauti kama wanavyokasirishwa na ujanja wa kuificha. Shangazi yangu ni mtu wa sala kweli kweli. Siku moja aliniuliza:

"Mwanangu, huyo Mkondo wako anakusikia ukimwomba?"

"Hapana, Shangazi. Hausikii. Siuombi."

"Sasa ukiwa na shida unamwambia nani?"

"Nakwambia wewe."

Akanyamaza kidogo. "Basi mimi nitakuwa namwambia Mungu kwa niaba yako."

"Ahsante, Shangazi. Niombee."

Yeye alisema "anakusikia", mimi nikasema "hausikii", na kwa kiambishi hicho alielewa yote ambayo ningehitaji nusu saa kumweleza. Zingatia pia kwamba sikukataa sala yake. Mtu akikuombea kwa imani yake anakupa kilicho bora alichonacho. Kumrekebisha hapo ni ukosefu wa adabu, na haihusiani hata kidogo na ukweli wa hoja.

Rafiki asiye na dini yoyote atadai ushahidi. Mpe fungu la "nimeona", kiri kwamba hayo mengine huna ushahidi wake, na usijaribu kumgeuza. Atakutania. Vumilia, au mtanie na yeye.

Mchumba au mwenzi wa ndoa hahitaji falsafa, anahitaji majibu. Tutafunga ndoa kwa utaratibu gani? Watoto watalelewa wakiamini nini, na nani atawaambia? Utakwenda nami ibadani siku za sikukuu, ukae kimya, au utabaki nyumbani? Ukifa nikuzike wapi na nani aseme maneno? Jibu la mwisho liandike, kwa sababu ndugu watafika wakiwa na majibu yao. Mtu mwenye dini ya wengi hata asipoacha maagizo yoyote jamii inajua la kufanya. Wewe usipoandika, utazikwa kwa imani ya ndugu mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Watoto waeleze kwa matendo tu, na waambie wazi kwamba wapo watu wema wanaoamini tofauti, akiwemo bibi yao.

Kwa karani na fomu zake, jaza "nyingine" au "hakuna", uondoke. Haki yako ipo: kifungu cha 18 cha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 kinalinda uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, pamoja na uhuru wa kubadili dini au imani. Mwaka 1993 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilifafanua kwamba kifungu kama hicho katika mkataba wa haki za kiraia na kisiasa hakiishii kwenye dini za jadi. Mahakama za nchi nyingi pia humruhusu shahidi asiyeapa kwa kitabu kuthibitisha kwamba atasema kweli. Uliza mapema, kabla hujaitwa kizimbani, na uliza kwa upole, karani hajakukosea.

Maswali yatakayokuja

"Kwa hiyo umeanzisha dini?" Hapana, sina wafuasi wala siwatafuti. Sema hivyo na ulishike. Wakianza kuja watu wanaotaka uwaongoze, simama ufikiri upya, maana kueleza imani yako na kuwaongoza watu ni kazi mbili tofauti. Na popote utakapoona imani ya mtu mmoja imeanza kudai fedha, siri au kuwakata watu na ndugu zao, ondoka, hata kama mtu huyo ni wewe.

"Si umejichagulia yaliyo rahisi tu?" Swali la haki kabisa. Jibu lake ni kutaja kinachokugharimu. Mimi nataja lile katazo la Deni, pamoja na sehemu ya tatu ya Hesabu: nikimkosea mtu na bado yu hai, Hesabu haijafungwa mpaka nimwendee mwenyewe. Huko kumwendea hakuna urahisi. Kama imani yako haikugharimu kitu, muulizaji amekushika, mshukuru.

"Ukifa unakwenda wapi?" Hapa tumia neno lako kwa ufupi kuliko kawaida. Rejeo kwangu ni kwamba mwili unarudi ulikotoka na uhai unaendelea katika wengine. Ikiwa aliyekuuliza amefiwa karibuni, usijibu swali hili. Hakuulizi kuhusu wewe. Muulize habari za marehemu, mwache aseme.

"Na nani anakukosoa?" Hili ndilo gumu kuliko yote, na ninashangaa kwamba wachache huliuliza. Dini kongwe zina maandiko, wazee, mabaraza, mabishano ya karne nyingi. Wewe una kichwa chako, na kichwa hicho hicho ndicho kilichotunga na ndicho kinachosahihisha. Jibu langu ni kwamba nimewaomba watu wawili, mmoja ana dini na mwingine hana, waniambie wakiona imani yangu inanifanya kuwa mgumu au mwenye majivuno. Wanaifanya kazi hiyo kwa furaha kuliko nilivyotarajia. Si mbadala wa mabaraza, lakini ni bora kuliko kioo.

Ukurasa mmoja

Uandike, uutie tarehe, na kila unapobadilisha jambo andika tarehe mpya bila kufuta ya zamani. Mwanzo wa ukurasa weka matendo na makatazo. Katikati weka maneno, kila moja na fasili yake. Chini yake weka madeni yako kwa imani nyingine, kisha mambo uliyoyaacha wazi. Mwisho kabisa weka maagizo: ugonjwa, mazishi, nani aarifiwe. Wangu unasema, kwa mfano, kwamba jamaa wakitaka kunisomea dua au kuniimbia nyimbo zao wafanye hivyo, kwa sababu maziko ni ya waliobaki, ila asisimame mtu kudai kwamba nilitubu dakika ya mwisho.

Ukurasa ukizidi mmoja, kata maneno kwanza, matendo mwisho. Usiusambaze. Mpe anayeuomba, na mwenzi wako ajue ulipo.

Ukishamweleza mtu, mwombe akurudishie kwa maneno yake: "hebu niambie umenielewa vipi." Sikiliza ametumia kiambishi gani kwa kitu chako kikuu, na kama ametaja tendo lolote. Akitaja tendo, amekuelewa, hata kama majina ameyachanganya yote. Asipolitaja, rudia lile moja tu, kisha muulize na yeye anaamini nini, na safari hii wewe ndiye unyamaze.